Mpiga Kengele Niliyemsingizia

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwangu. Mama Nesi alikuwa amesimama na mwavuli wake uliofungwa kwa uzi, akiniuliza kama mimi ndiye niliyemuua baba yake mara ya pili. Sikumjibu palepale.

Kwa anayefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza: mimi nilikuwa msoma prufu, hadi kisa hiki kiliponifukuzisha kazi. Kwa miaka kumi na tisa nililipwa kusoma gazeti la watu kabla halijachapwa, nikiwinda makosa ya wenzangu. Na kila Jumapili nilikuwa na kona yangu ya hadithi. Humo nilisimulia ule mgomo mkubwa wa karakana ya reli, na wahusika wangu walikuwa watu wa kweli, waliokufa zamani, kwa majina yao yote matatu. Wasomaji walikuwa wakigombania gazeti.

Mgomo wenyewe una miaka sitini na nane. Siku ya nne, viongozi watano walikamatwa katika chumba cha nyuma cha fundi viatu, wakaingizwa jela, na watatu hawakutoka. Nani aliwachongea? Hakuna aliyejua. Historia ilikuwa na pengo hapo, nami nikaliziba kwa mtu.

Nilimchagua mzee aliyekuwa akipiga kengele ya kuingia kazini. Sababu zangu zilikuwa mbili, na zote za kijinga. Niliambiwa hakuacha mtoto, kwa hiyo hakuna wa kulalamika. Tena msaliti mwenye kengele anapendeza kwenye hadithi. Nikamwandikisha barua ya kwenda kwa meneja, na Jumapili ile gazeti likaisha kabla ya saa nne asubuhi.

Kumbe mtoto alimwacha. Ndiye huyo Mama Nesi, nesi mstaafu, miaka sabini na minane, mgongo umenyooka kuliko wangu.

Na kumbe jina la mzee lilikuwa limekwisha kuchongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu ya mgomo. Alistahili. Asubuhi ya kwanza aliamriwa apige kengele ili watu waingie kazini, akaushika ulimi wa kengele kwa mikono yake miwili, akagoma kuuachia hadi msimamizi alipomvunja vidole kwa rungu. Lakini kamati ya ukuta iliposoma gazetini kwamba alikuwa msaliti, ikabandika karatasi juu ya jina lake. Ukuta unazinduliwa Jumamosi. Kamati ikiamua ni kweli, fundi analiondoa kwa patasi.

Mtauliza: watu wazima wanaaminije hadithi ya Jumapili?

Pale gazetini kulikuwa na mama wa maktaba tuliyemwita Bibi Mkasi. Kazi yake ilikuwa kukata kila kipande kinachotaja jina la mtu na kukitia kwenye bahasha ya mtu huyo. Hakusoma, alitafuta majina tu. Na kwa kuwa makabati yalijaa, alikata kwa kubana, maneno matupu, bila kichwa cha ukurasa. Basi lile neno HADITHI lililokuwa juu likaenda kwenye pipa la taka, na barua yangu ya uongo ikaenda kwenye bahasha ya Mpiga Kengele. Mwaka mmoja baadaye mwandishi wa makala akaomba bahasha ile aandike kumbukumbu ya mgomo. Akanakili kama alivyokuta. Ikatoka ukurasa wa mbele.

Hayo niliyasema wiki iliyopita. Kuna jambo moja nililiruka, maana hata kuungama kuna uoga wake.

Makala ile, kabla ya kuchapwa, ilipita mezani kwangu. Mimi si ndiye msoma prufu? Niliyaona maneno yangu mwenyewe yamevaa koti la historia, na kalamu nyekundu ninayo mkononi. Nikatabasamu. Nikajiambia, kumbe bwana wewe ni fundi, hata wenzako umewapata. Nikaongeza mkato mmoja uliokuwa umesahaulika, nikatia sahihi, nikaipeleka kwa wachapaji.

Basi ndiyo maana nilinyamaza pale mlangoni.

“Shikamoo mama,” nikasema mwishowe, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

“Marahaba. Sikuja kusalimiwa. Ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Baba yangu alikukosea nini?”

“Hakunikosea. Sikumjua.”

Akaniangalia kwa muda, vile manesi wanavyomwangalia mgonjwa anayedanganya kwamba amemeza dawa.

“Nilikuwa na miaka kumi,” akasema. “Mama alikuwa akimlisha uji kwa kijiko kwa sababu vidole vilikuwa vimefungwa vijiti. Miezi miwili. Leo nikipita dukani, wanawake niliowazalisha mimi kwa mikono hii wananyamaza. Mmoja juzi kaniita binti wa msaliti, na mtoto wake wa kwanza nilimtoa mimi, amekaa vibaya tumboni, tangu alfajiri hadi adhuhuri.”

“Nisamehe, mama.”

“Msamaha utaupata au hutaupata, hilo tutaona. Kamati inakaa keshokutwa, saa nne asubuhi. Uje useme kwa mdomo wako kwamba ulitunga.”

“Nitakuja.”

“Kwa mdomo wako, mwanangu. Usiniletee gazeti.”

Alipoondoka nilijisikia mwepesi. Mnajua wepesi wa mtu aliyekubali kulipa? Nikadhani shida zangu zimefika ukingoni. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kesho yake nilikwenda gazetini kutafuta ushahidi. Mlinzi wa getini, ambaye nilikunywa naye chai miaka yote hiyo, akaniambia jina langu limekatazwa kuingia. Hakusema mimi nimekatazwa. Jina langu! Nikacheka peke yangu barabarani. Mchezea majina ya watu naye jina lake limeonja.

Nikamngojea Bibi Mkasi atoke kwenda kula. Alinijia mwenyewe, mkoba umebanwa kwapani.

“Nilijua utakuja,” akasema. Akatoa ukurasa mzima wa Jumapili ile, haujakatwa, neno HADITHI liko juu, kubwa kama mlango. “Hii ilibaki stoo. Peleka. Mimi nimekata karatasi miaka thelathini, nikidhani nakata karatasi.”

“Si kosa lako, dada.”

“Si langu, si lako, basi ni la mkasi?” Akageuka akaenda zake bila kuaga.

Mchana nikakaa mezani nyumbani kuandika ungamo langu. Nilichukua karatasi nikapiga mistari kwanza, kwa penseli na rula. Ni mazoea niliyopewa na marehemu baba. Yeye alikuwa mchora vibao wa karakana ileile, aliyeandika namba kwenye mabehewa, na bango la kitambaa la mgomo aliliandika yeye. Mchora vibao hupiga mistari miwili, wa juu na wa chini, kisha herufi huzisimamisha katikati. Baba alifanya hivyo hata kwa orodha ya sokoni. Nyanya, vitunguu, chumvi, vyote kati ya mistari miwili. “Ili herufi zisilewe,” alikuwa akisema, na sisi watoto tulicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza tunaisikia.

Niliandika kila kitu isipokuwa kitu kimoja kidogo. Ile barua niliyomwandikisha Mpiga Kengele ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza kila mtu angeweza kuitunga: watano wako kwa fundi viatu, chumba cha nyuma. Lakini ya pili ndiyo iliyowatia wasomaji baridi: “Mlango haufungwi kwa ndani.” Watu waliniandikia kuisifia. Nami nikajigamba kwamba ni kipaji.

Haikuwa kipaji. Niliiokota. Baba alipokuwa mgonjwa, miaka kumi na moja iliyopita, homa ilimshika wiki mbili na alikuwa akiyarudia maneno hayo mchana kutwa. Mlango haufungwi kwa ndani, mlango haufungwi kwa ndani. Nilidhani anauogopea mlango wa chumba chake. Nikanunua komeo jipya nikalipigilia mwenyewe, nikamwambia, “Tazama baba, sasa unafungwa.” Akalia kwa sauti. Baada ya kumzika yale maneno yalinibakia, na mwandishi hatupi kitu.

Hilo sikuliandika kwenye ungamo. Ya chumba cha mgonjwa yabaki chumbani kwa mgonjwa.

Mama yangu alikuwa kwenye kiti chake anachambua maharage. Ana miaka sabini na minne, macho mazima, na hasemi neno ambalo hajalipima.

“Unapiga mistari kama baba yako,” akasema. “Unaandika nini?”

“Ungamo. Kesho naenda kwenye kamati ya ukuta.”

Mkono wake ukasimama juu ya sinia.

“Wamekuita?”

“Naenda mwenyewe.”

“Basi usiende.”

“Mama, nimemsingizia mtu.”

“Umemsingizia maiti. Maiti hana hasira.”

“Ana binti.”

“Na wewe una mama.”

Sikuelewa. Nikadhani anaogopa nitashtakiwa, au nitazomewa, mtoto wake aliyefukuzwa kazi akaongezewe na aibu ya barabarani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitasema kweli na kweli itaniweka huru.

“Andika gazetini,” akasema. “Omba radhi gazetini, mara kumi ukitaka. Lakini kwenye kamati usiende ukakae mbele za watu wanaopekua mambo ya zamani. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wewe hujamwosha mtu yeyote.”

“Mama, ni jina la mtu linafutwa.”

“Na la baba yako liko palepale, la kwanza juu. Hukuliona?”

“Nimeliona, najivunia.”

“Jivunie ukiwa nyumbani basi.”

Akayamwaga maharage yote kwenye sufuria, yaliyochambuliwa na yasiyochambuliwa, akaenda jikoni. Mama yangu hajawahi kupika mawe. Hilo peke yake lingetosha kunizindua, lakini nilikuwa nimelewa wema wangu.

Asubuhi nilivaa shati la mazishi nikaenda.

Kamati inakutana kwenye chumba cha mikutano cha karakana, meza moja ndefu na viti vya chuma vinavyolia ukivisogeza. Kwenye ukuta, nyuma ya kioo, limetundikwa bango la mgomo, lile la baba. Ukilisogelea unaiona mistari ya penseli chini ya rangi, miwili miwili. Mara ngapi nimewaleta wageni kuiona!

Mwenyekiti ni fundi wa boila mstaafu, mtu wa sauti nzito na masikio yaliyokufa kwa kelele za nyundo. Baba yake alikuwa mmoja wa wale watatu ambao hawakutoka jela. Yeye mwenyewe siku ile alikuwa tumboni mwa mama yake. Wajumbe wengine wanne sikuwajua. Mama Nesi alikaa upande wa pili wa meza, mwavuli magotini.

“Sema kwa nguvu,” Mwenyekiti akaniambia. “Mimi nasikia vitu vikubwa tu.”

Nikasimama. Nikauonyesha ukurasa mzima wa Bibi Mkasi, nikaweka kidole kwenye neno HADITHI, nikasoma ungamo langu tangu mwanzo. Nilipofika pale pa prufu, pa ule mkato na ile sahihi, mjumbe mmoja akasonya. Nilistahili.

“Kwa hiyo Mpiga Kengele hakuandika barua?” Mwenyekiti akauliza.

“Hakuandika. Hapakuwa na barua yoyote. Niliitunga mezani kwangu, kikombe cha chai kiko mkononi.”

“Unaweza kuapa?”

“Naapa.”

Mama Nesi akafunika uso kwa viganja. Mabega yakawa yanapanda na kushuka. Kisha akafuta macho, akanipa mkono juu ya meza, nami nikaushika. Ulikuwa mkavu na wa moto. Nawaambieni ukweli, sijawahi kushika kitu kilichonipa furaha kama mkono ule. Nikaiweka karatasi yangu mezani mbele yake, aichukue, iwe mali yake.

“Basi bandueni ile karatasi,” akasema. “Nataka kuliona jina la baba.”

Hakuna aliyesimama. Wajumbe walikuwa wakimtazama Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa akinitazama mimi.

“Ajabu,” akasema.

Akavuta saraka akatoa jalada la kahawia, kingo zimeliwa na mende.

“Makala ile ilipotoka, tuliomba stoo ya zamani ya meneja ifunguliwe. Tulitaka kuhakikisha kabla hatujamtia mtu patasi, maana sisi si watu wa gazeti. Wiki nzima hatukupata kitu. Juzi tukapata hii, kwenye jalada la meneja mwenyewe, na mhuri wa siku ya nne ya mgomo uko juu yake.”

Akalifungua. Ndani mlikuwa na kipande kimoja cha karatasi, kimekuwa cha manjano, kimekunjwa mara mbili. Akakisoma kwa ile sauti yake ya boila.

“Watano wako kwa fundi viatu, chumba cha nyuma. Mlango haufungwi kwa ndani.”

Akainua macho kunitazama.

“Haina sahihi,” akasema. “Lakini maneno ni yaleyale, bwana. Uliwezaje kutunga barua iliyokaa stoo miaka sitini na nane?”

“Mimi...”

“Nani alikuambia?”

Akaisukuma ile karatasi mezani ikaja ikasimama mbele yangu.

Niliijua kabla sijaisoma. Herufi zilikuwa nzuri mno kwa barua ya siri, zimesimama wima, tumbo la kila moja limejaa sawa. Zilikuwa za behewa. Zilikuwa za nyanya, vitunguu, chumvi. Na homa ile ya wiki mbili ikarudi masikioni mwangu, na komeo jipya, na kilio cha baba nilipomwambia sasa unafungwa. Nikajua pia kwa nini mama alimwaga maharage.

Baba yangu. Baba aliyenishika mkono kunifundisha herufi ya kwanza. Jina la kwanza juu ya ukuta.

“Huu si mwandiko wa baba,” Mama Nesi alikuwa akisema. “Si wake!”

“Una barua yake yoyote tulinganishe?” Mwenyekiti akauliza, na safari hii sauti ilikuwa ya upole.

“Sina. Nyumba iliungua.”

“Basi tuna neno lako tu, mama. Na huyu bwana alimtaja baba yako barua ikiwa bado imefungiwa. Tutasemaje? Mimi baba yangu alitolewa kwenye chumba kile. Maisha yangu yote nataka kujua kitu kimoja tu.”

Mama Nesi akanigeukia. Macho yake bado yalikuwa yamelowa machozi ya ile furaha ya dakika mbili.

“Mwanangu, wewe miaka yote umesoma barua za wasomaji wa mji mzima. Watu wanasema unajua mwandiko wa kila mtu. Uangalie huu vizuri. Ni wa nani?”

Kumbukeni nilikwenda pale kufuta uongo. Uongo nilioutunga mwenyewe, juu ya mtu nisiyemjua. Nikamwona mama yangu kwenye kiti chake, na majirani wanaonyamaza anapopita dukani.

“Siujui,” nikasema.

Ndivyo nilivyosema, wasomaji wangu. Mbele ya mkono uliokuwa umenishika. Ule wa gazetini naweza kuuita uzembe. Huu niliusema nikijua.

Kwa pembe ya jicho nikalitazama bango nyuma ya kioo, kisha nikaharakisha kuangalia pengine, asije mtu akafuata macho yangu. Nilimwomba Mungu asinyanyuke mtu kulisogelea. Hofu yangu yote ilikuwa ukutani.

Mama Nesi hakulitazama bango. Alivaa miwani yake, akaivuta ile barua, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

“Huyu alipiga mistari kwanza,” akasema taratibu. “Kwa penseli. Miwili miwili. Nani anapiga mistari miwili kuandika barua?”

Akaishusha mezani, na ndipo macho yake yalipoteleza kando, kwenye karatasi nyingine iliyopigwa mistari miwili miwili.

Nikanyoosha mkono haraka kulichukua ungamo langu. Akawahi kuliwekea kiganja.